Naogopa kusema "beach" mbele ya mgeni

"Assalamu alaykum Maalim. Mimi ni mzaliwa wa Wete, sasa nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja huku kaskazini ya Unguja. Kiingereza nazungumza, si kibaya, lakini maneno kama 'beach' na 'sheet' yananitia hofu, maana nikikosea kidogo yanageuka matusi. Skuli tulifundishwa kwamba irabu ikiandikwa kwa herufi mbili ni ndefu, uivute. Ikiandikwa kwa moja ni fupi. Nikivuta, wenzangu wananicheka. Nikiwasikiliza wageni wenyewe, huo urefu siusikii. Halafu kitabu cha mtoto wa dada yangu kinasema i ndefu ni ile ya 'bite', changu kinasema ni ya 'beat'. Juzi mgeni kaniuliza kama naishi hapa, mimi nikamjibu saa kumi jioni. Mwenzangu ananishauri niache 'beach' niseme 'seaside'. Nifanye nini? Au masikio yangu ndiyo mabovu?"

Wa alaykumu salaam, binti yangu. Nianze na huyo mgeni wa juzi, kwa sababu kosa lako kwake limenieleza mengi kuliko hofu yako ya "beach". Yeye kasema "live", wewe umesikia "leave", ukadhani anauliza saa ya kutoka kazini. Matusi hayakuwepo wala hukutamka lolote vibaya. Uliposikia tu, neno lenye irabu fupi likaingia sikioni kama lile lenye ndefu. Hapo ndipo penye shida yako, na ni shida ya karibu kila Mswahili, si masikio mabovu.

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, ukihesabu na zile irabu pacha kama "ai" na "ou", kina sauti za irabu zipatazo 20. Mtoto huanza kuzoea irabu za nyumbani kwao kabla hata hajatimiza mwaka, na akishazoea, kila sauti ngeni huitia kwenye kapu lililo karibu. Wewe una makapu matano. Tazama maneno tuliyoyachukua kwa Waingereza: "buti" na "buku" kwetu zote zina u moja, lakini "boot" kwao ni ndefu na "book" ni fupi. "Basi", "kadi" na "shati" kwetu zote ni a, lakini "bus", "card" na "shirt" kwao ni irabu tatu mbalimbali. Wazee wetu hawakukosea kusema hivyo. Lugha ilikuwa ikijichukulia mali yake. Taabu inakuja pale unapoirudisha mali kwa mwenyewe na yeye akadai irabu zake zote.

Utaniambia, lakini Maalim, mbona urefu tunao? Tunasema "kufa" na "kufaa", na hakuna Mswahili anayevichanganya. Kweli, ila pale "kufaa" ina silabi tatu, ku-fa-a. Ni a mbili zimekaa jirani, kila moja na silabi yake, wala si a moja iliyovutwa. Urefu wa kweli, wa irabu moja kuvutwa, wewe umeusoma kwengine. Umeusoma chuoni, kwenye Qur'ani. Mtoto wa Kizanzibari hajajua kuandika jina lake, ameshafundishwa kwamba fat-ha, alama ya a fupi, ni haraka moja, yaani kipimo kimoja cha muda, madda ya asili, irabu ya kuvuta, ni mbili, na ile ya "waladh-dhaalliin" aivute haraka sita mpaka ustadhi aridhike. Sikio lako, basi, linajua urefu vizuri sana. Na hapa nataka unielewe: hilo ndilo linalokupoteza kwenye Kiingereza. Kwenye madda unachobadilisha hasa ni muda. Ukiambiwa Kiingereza kina irabu fupi na ndefu, unakwenda nacho kwa kipimo kilekile, unahesabu haraka, na unatoka na "biiich" ya kuchekwa.

Irabu fupi ya "live" si ile ya "leave" iliyokatwa. Ni irabu nyengine, na ulimi umekaa pahala pengine.

Jaribu sasa hivi, kama uko peke yako. Weka kidole cha shahada chini ya kidevu. Sema "i" ya "pili", uishike. Unahisi midomo imetanuka kidogo, mbavu za ulimi zimegusa magego ya juu, na chini ya kidevu pamekaza. Sasa bila ya kukata sauti telezesha mpaka kwenye "e" ya "pele". Kidevu kinashuka, ulimi unashuka. Rudia, lakini safari hii usifike kwenye "e". Simama njiani, karibu zaidi na "i", kisha legeza kila kitu: midomo, taya, ulimi, kama mtu aliyechoka anayetaka kusema "i" lakini hana nguvu. Hiyo sauti legevu, si "i" wala si "e", ndiyo irabu ya "live", "ship", "fill" na "sit". Kiswahili hakina. Kamusi huiandika kwa alama /ɪ/, i ndogo isiyo na nukta juu. Ile ya "leave" huandikwa /iː/, na zile nukta mbili zinazofuata ndizo zilizowafanya walimu wetu waseme "vuta".

Sasa angalia: "i" ya Kiswahili, ile ya "pili", iko jirani sana na ipi? Na ya "leave". Ile "ndefu" unayo tangu ulipozaliwa. Usiyonayo ni "fupi". Kwa hivyo hofu yako imekaa upande usio na hatari. Ukisema "beach" na i yako ya Wete, safi, iliyokaza, hata usipoivuta, Muingereza atasikia "beach", kwa sababu anapima mahali pa ulimi kabla ya kupima muda. Lile neno jengine, ambalo sitaliandika hapa, linataka irabu legevu usiyokuwa nayo. Huwezi kulitamka kwa bahati mbaya kwa wepesi unaoudhania. Ninachokiogopa ni kinyume: mtu mwenye hofu hulikimbilia neno, hulikata, hulegeza mdomo kwa haya, na hapo ndipo anapoliangukia. Kwenye "beach" na "sheet" kazi yako ni moja tu, kaza na utabasamu.

Makosa yako ya kweli yatakuwa kwenye maneno usiyoyaogopa. "Fill in this form" itatoka kama "feel". "Your bag is still here" itatoka "steal", na mgeni mwenye wasiwasi na begi lake hatofurahi. Mimi mwenyewe yamenikuta. Nilipokuwa kijana nilikuwa nikiwatembeza wageni Mji Mkongwe siku za mapumziko. Siku moja ya masika nilimpandisha mzee wa Kiingereza darini kwenye nyumba ya kale. Wakati wa kushuka, ngazi za mawe zimerowa. Nikamwambia kwa adabu zote, "Careful, sir, you will slip." Hivyo ndivyo nilivyokusudia. Kilichotoka kilikuwa "sleep". Akacheka, akanambia usiku kalala vya kutosha. Ngazi ya pili akateleza. Alhamdulillahi hakuumia, suruali tu ilirowa, lakini tangu siku ile sijawahi kuidharau irabu hii.

Na kwa nini huusikii urefu wageni wanaposema "beach"? Kwa sababu haupo, au upo kidogo mno. Irabu ya Kiingereza hufupishwa ikifuatwa na konsonanti sighuna katika silabi moja, yaani p, t, k, ch, s, f na jamaa zao, na huachiwa nafasi mbele ya zile za ghuna kama b, d, g, z, v. "Bead" ni ndefu kwelikweli. "Beat" ni ileile, lakini t imeikata. Ukiipima kwa saa, "beat" yenye irabu "ndefu" inaweza kulingana na "bid" yenye irabu "fupi". Sikio lako lilikuwa likikwambia kweli, na kanuni ya skuli ndiyo iliyokuwa nusu.

Sasa vitabu viwili, chako na cha mtoto. Vyote viko sahihi, ila vinatumia neno "ndefu" kwa maana mbili. Cha mtoto kinafundisha kusoma: "i ndefu" kwao ni herufi inaposomwa kwa jina lake la alfabeti, kama katika "bite", na wenzake ni "name", "hope", "cute". Chako kinafundisha sauti. Ukichanganya misamiati hii miwili utapotea, na walimu wengi huichanganya bila ya kujua.

Asili yake ni kisa kitamu kwa Mswahili, niruhusu nikieleze. Zamani za Chaucer, mshairi wao aliyefariki mwaka 1400, Kiingereza kilisomwa karibu na tunavyosoma sisi. "Bite" ilikuwa kama "biite", "name" kama "naame". Maneno yenye "ee" yalitamkwa kwa e ya kuvuta, jirani na ile ya "mzee", na yenye "oo" kwa o ya kuvuta, jirani na ya "kondoo". Kisha, kwa muda wa kama miaka 300, irabu ndefu zote zikahama. E ndefu ikapanda ikawa i, ndiyo maana leo "meet" unaisoma kwa i. O ndefu ikapanda ikawa u, ndiyo "moon". I iliyokuwa juu haikuwa na pa kupanda, ikapasuka ikawa "ai". Mtaalamu wa Denmark, Otto Jespersen, ndiye aliyeupa uhamaji huo jina linalotumika mpaka leo, Great Vowel Shift. Lakini Caxton, mchapaji wa kwanza wa Uingereza, alikuwa ameshafungua mashine ya kuchapia Westminster mwaka 1476, na tahajia ikaanza kukauka huku sauti bado ziko safarini. Tunachokiandika ni picha ya zamani ya mtu ambaye sura imeshabadilika.

Kwa hivyo ile kanuni ya herufi mbili na moja itumie kama fimbo ya kipofu. "Sheep", "seat", "pool", inasaidia. Halafu unakutana na "book", "good" na "foot", ambazo zilikuwa ndefu zikaja kufupishwa. "Bread" na "head" hivyohivyo. "Blood" imefupishwa na kisha ikageuka kabisa. E ya mwishoni inayoirefusha irabu, kama "hop" na "hope", ni kanuni nzuri, lakini "live" na "give" zinaivunja kwa sababu za waandishi tu: Kiingereza hakipendi neno liishie na v tupu, basi e imewekwa kuifunika. Na neno moja linalokuhusu kila siku, kwa kuwa limeandikwa mlangoni mwa choo cha hoteli yenu: "women". O yake ya kwanza inatamkwa kwa ile ile /ɪ/ legevu ya "live". Usiitafutie kanuni. Lijue kama unavyomjua mtu.

Upande wa u mambo ni hayo hayo, nao ni mwepesi. U yetu iko karibu na ya "pool". Ya "pull" na "full" ni legevu, imeteremka kuelekea "o", midomo haikukaza. Jozi za kukuaibisha ni chache huko, usiupe muda mwingi.

A ndiyo msitu. "Hat", "hut", "heart", "hurt": zote nne ukiziacha kwenye Kiswahili zinatoka neno moja. Mbili za mwanzo ni fupi, mbili za mwisho ni ndefu, na unaona hapo urefu haukusaidii hata ukiusikia, kwani "heart" na "hurt" zote ni ndefu. "Hut" iko karibu na a yetu, ifupishe. "Hat" iko baina ya a na e, na ndiyo maana "fan" kwetu imekuwa "feni" na "bank" imekuwa "benki". "Heart" ifungue koo, ulimi chini na nyuma, kama unavyomfungulia kinywa daktari. "Hurt" ndiyo ngeni kabisa: ulimi uning'inie katikati ya kinywa bila ya kugusa popote. Na kwa kuwa uko mapokezi: mgeni akija amejishika, usikubali kubahatisha kama kasema "heart" au "hurt". Mwombe akuonyeshe kwa mkono panapomuuma.

Mazoezi. Anza na sikio, mdomo usubiri. Mdomo hauwezi kulenga shabaha ambayo sikio halijaiona. Chukua jozi sita tu: live na leave, fill na feel, slip na sleep, still na steal, sit na seat, chip na cheap. Kamusi za Cambridge na Oxford mtandaoni zina sauti ya Kiingereza na ya Kimarekani kwa kila neno, bure. Mpe mwenzako simu, akae asikuonyeshe skrini, acheze neno moja katika jozi, nawe useme ni lipi. Mara 20. Ukipata 10 hujasikia kitu, umebahatisha. Ukifika 17 au 18 siku tatu mfululizo, sikio limefunguka. Usisikilize mtu mmoja tu: majaribio waliyofanyiwa Wajapani waliokuwa wakijifunza kutofautisha r na l, mapema miaka ya 1990, yalionyesha kuwa sauti za watu wengi mbalimbali ndizo zinazofundisha sikio, kwa sababu mtu mmoja unamzoea yeye badala ya kuizoea irabu. Dakika kumi kila siku zinashinda saa mbili za Ijumaa.

Mdomo ukija zamu yake, tumia sentensi za kazini kwako, na ujirekodi. Usijisikilize hapo hapo, kwa kuwa bado unakumbuka ulichokusudia. Sikiliza kesho yake, uone kama wewe mwenyewe unajifahamu. Kuiamuru simu iandike unachosema nako kunasaidia kwa neno moja moja. Ukiipa sentensi nzima inakisia kwa maana na kukusifia usichostahiki. Filamu ni nzuri kwa mengi, lakini kwa irabu peke yake ni njia ndefu, hadithi inakuibia sikio.

Kiasi gani cha shughuli hii kina faida? Nitakuwa mkweli: si chote. Sentensi hubeba neno. Ukinyoosha mkono kwenye bahari na kusema "the beach is that way", hakuna atakayesikia vyengine. Na wageni wenu nao si Waingereza wote. Mtaliana, ambaye pwani zetu zinamjua vizuri, hana /ɪ/ kama wewe usivyokuwa nayo, na "ship" na "sheep" zinampa taabu hiyo hiyo. Waskoti wengi, na Kiingereza ni chao, "pull" na "pool" kwao ni sauti moja. Mimi ningekwambia uishughulikie /ɪ/ kwa bidii, kundi la "hat" na "hurt" kwa utaratibu, na yaliyobaki uyaache yaje yenyewe. Lafudhi yako ya Kipemba usiiguse. Haimzuii mtu kukufahamu.

Ukifanya hivi miezi miwili na bado uko kwenye 10 au 12 kati ya 20, tafuta mwalimu wa kukaa naye uso kwa uso, kwa sababu huenda ulimi wako unafanya jambo ambalo kwa maandishi siwezi kuliona. SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, wana skuli ya Kiswahili na lugha za kigeni. Uliza hapo, au mwalimu yeyote aliyesomea matamshi na anayekubali kukutazama kinywa. Sikio la hospitali ni jambo jengine. Kama na Kiswahili unawaomba watu warudie, hasa penye kelele, au sikio linavuma, linauma au linatoa maji, usilitafutie dawa ya irabu. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Imebaki "seaside". Mwenzako kakutakia heri, lakini hebu litamke hilo neno alilokupa. "Sea" yake ina irabu gani? Ni ile ile ya "beach", na hujawahi kuiogopa. Basi itumie. Sema "sea", uishike, midomo imetabasamu. Sema "bee" kwa mdomo ule ule. Sema "bee" tena, na safari hii ifunge kwa ch.